Tumbawe Likifunga Huku Arusha na Moshi: Anza na Maji, Kisha Joto, Kisha Mwanga

"Kaka, zoa zangu zimefunga, leo siku ya nne. Niweke dawa gani?"

Swali hili ndilo ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine yote na watu wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya nyumbani huku kwetu. Jibu langu halibadiliki: usiweke dawa yoyote. Niambie kwanza maji ya kujazia unayatoa wapi, na tangi lilikuwa na nyuzi ngapi saa kumi na moja alfajiri.

Sisi tuko mbali na bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wake, Moshi iko mita 800 na ushei. Chumvi, joto lisiloyumba na oksijeni, ambavyo mwamba wa Mafia hupewa bure, hapa tunavitengeneza wenyewe kila siku. Kwa hiyo matatizo mengi ninayoyaona si magonjwa. Ni maji, baridi ya usiku, au mwanga, na mara nyingi kwa mpangilio huo.

Ninayoyazungumzia ni matumbawe ya kuanzia: zoa (Zoanthus), uyoga wa bahari (Discosoma), tumbawe ngozi (Sarcophyton), nyota za kijani (Briareum) na zenia (Xenia). Yote haya huvumilia maji yasiyo kamili. Kisichovumilika ni mabadiliko ya ghafla, na ndiyo maana dawa iliyomiminwa kwa hofu huua zaidi ya tatizo lenyewe.

Kabla ya kugusa chochote

Pima na uandike kwenye daftari. Chumvi iwe 1.025 hadi 1.026 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu), yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Joto nyuzi 24 hadi 26. Amonia sifuri. Naitreti kati ya 2 na 15, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, zote kwa miligramu katika lita. Alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia uchachu usipande, iwe 7 hadi 11 kwa kipimo chake kiitwacho dKH. Kwa matumbawe laini, kalsiamu na magnesiamu zinaweza kusubiri. Hizo sita za kwanza haziwezi.

Kisha hakikisha kipimo chenyewe hakikudanganyi. Kile kipima chumvi cha plastiki chenye mkono unaopanda kikishikwa na povu moja tu kinasoma juu. Refraktomita, ile inayosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone, ni bora, lakini irekebishwe. Ukikosa maji maalum ya kurekebishia, pima kwenye mizani ya jikoni inayosoma vizuri gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani, uiyeyushe ndani ya gramu 963.5 za maji safi. Tone la maji hayo lisomeke 35. Likisomeka 32 au 38, umekuwa ukirekebisha tangi kwa kipimo kibovu, na pengine tatizo lako limeishia hapo.

Tumbawe limefunga na halifunguki

Sababu inayoongoza ni chumvi kupanda taratibu. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki. Tangi la lita 200 lisilo na mfuniko linaweza kupoteza lita 2 kwa siku, hasa msimu wa upepo mkavu wa Agosti na Septemba. Wageni wengi wa kazi hii hujazia maji ya chumvi wakidhani ni sahihi kwa kuwa tangi ni la chumvi. Piga hesabu: lita 2 kwa siku ni gramu 70 za chumvi, kwa wiki ni karibu nusu kilo. Ndani ya lita 200, kutoka 35 umefika zaidi ya 37 kwa siku saba tu. Mwezi ukiisha hata zoa, ambalo ni gumu kama gugu, linafunga mdomo.

Pale maji yalipokauka, jazia maji matamu yaliyosafishwa, kila siku, kidogo kidogo. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo uone yameshuka kiasi gani. Kama chumvi imeshapanda, ishushe kwa siku tatu au nne na usijaribu kuimaliza kwa jioni moja.

Sababu ya pili ni ugeni. Kipande kilichosafiri kwa basi usiku kucha kutoka Dar, au kilichovuka Namanga, kina haki ya kufunga siku tatu hadi saba. Weka mfuko uelee ndani ya tangi dakika 20 ili joto lilingane, ongeza maji ya tangi taratibu kwa nusu saa, halafu kiweke chini kwenye mwanga hafifu na ukiache. Najua ni vigumu. Umelipa pesa, umesubiri, unataka kuona kimefunguka. Lakini kila unapokihamisha, kinaanza safari upya.

Ya tatu ni kuguswa. Konokono anapita juu yake kila saa, kaa mdogo analala juu yake, au pampu inalipiga tumbawe usoni moja kwa moja. Kaa nusu saa mbele ya tangi bila kufanya lolote, uangalie. Mkondo mzuri ni ule unaoyumbisha polipu, vile vimidomo vya tumbawe vinavyofunguka kama maua, huku na huku. Zikilala upande mmoja muda wote, geuza pampu.

Ya nne inatuhusu sana sisi wa bara: chumvi isiyo yake. Nimeona tangi ambalo kipimo kilisoma 1.025 barabara, na bado hakuna kilichofunguka kwa wiki tatu. Mwenye tangi alikuwa ametumia chumvi ya mawe ya sokoni. Chumvi ile inatoka baharini, hilo ni kweli, lakini maji ya bahari yakikaushwa juani, chokaa na jasi hutangulia kutua, chumvi ya kawaida hufuata, na maji machungu yanayobaki, yaliyobeba magnesiamu, humwagwa. Unachonunua ni sodiamu kloraidi karibu tupu. Kipimo cha chumvi hakioni tofauti, tumbawe linaiona. Dawa yake ni kubadilisha maji kwa chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, robo ya tangi kila baada ya siku mbili, mpaka yote yawe yamepita.

Wapo wanaoleta maji ya bahari kwa madumu kutoka Tanga. Inawezekana, mradi yachotwe mbali na bandari na midomo ya mito, maji yakiwa yanajaa, na yafike ndani ya madumu ambayo hayajawahi kubeba mafuta wala sabuni. Mimi nilishaacha. Gharama ya safari ni kubwa kuliko ya chumvi, na hujui kilichomwagwa baharini siku hiyo.

Kama ni tumbawe ngozi peke yake lililofunga, na ngozi yake inang'aa kama imepakwa nta, subiri. Linajivua. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kisha utando huo unabanduka na linatoka na polipu mpya. Ongeza mkondo kidogo ili uoshwe. Usiuchune kwa vidole.

Mwisho kabisa ndipo tufikirie wadudu. Washa tochi saa mbili baada ya taa kuzimwa na uangalie chini ya zoa. Wapo konokono wasio na gamba wanaokula zoa na kuchukua rangi yake ileile, kiasi kwamba mchana huwaoni. Watoe kwa kibano, ufute na mayai yao, urudie kila baada ya siku chache kwa mwezi mzima, kwa kuwa mayai yanaendelea kuanguliwa.

Asubuhi limenywea, mchana linarudi

Hii ni baridi. Juni na Julai, Arusha usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 12 nje, na sebule yenye sakafu ya vigae haiko mbali na hapo. Watu hupima joto saa nane mchana, wanaona 25, wanaridhika. Pima alfajiri. Nimekuta tangi la nyuzi 25 mchana likiwa na 20 alfajiri, na mwenye nyumba akitafuta ugonjwa.

Kwanza angalia kama hita inawaka kweli. Pili, angalia kama ina nguvu ya kutosha. Kwa chumba kinachofika nyuzi 15 unahitaji takriban wati 1 kwa kila lita, yaani wati 200 kwa lita 200. Nunua hita mbili za wati 100 badala ya moja ya wati 200. Moja ikifa, nyingine inazuia maafa. Moja ikikwama imewaka, haina nguvu ya kuchemsha tangi zima. Hili nililipia: hita yangu moja kubwa ilikwama usiku wa Julai, nikaamka maji yako nyuzi 33. Uyoga wa bahari ulipona baada ya wiki sita. Zenia haikupona hata shina moja.

Wanaoogopa LUKU wafanye hesabu hii. Wati 200 zikiwaka saa 12 ni yuniti 2.4. Ukifunika kioo cha nyuma na pembeni kwa magodoro membamba ya povu na kuweka mfuniko usiku, hita itapumzika zaidi. Acha tu upenyo wa hewa.

Moshi kilio ni kinyume. Januari hadi Machi mchana unapita nyuzi 30 na tangi linafuata. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3 kwa sababu maji yanakauka haraka, kwa hiyo jazia zaidi. Washa taa za tangi jioni na usiku wakati jua limetua. Tumbawe halijali saa za mwanga ni zipi, mradi zisibadilike kila siku. Usitupe barafu ndani.

Simama hapa: ukiingiza mkono ukahisi mtekenyo au mshtuko, hata mdogo, ondoa mkono na uzime umeme kwenye swichi kuu. Usichomoe hita kwa mkono ulioloa. Kioo cha hita kimepasuka au waya umechubuka, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba. Ita fundi umeme, akague na eathi ya nyumba, afunge swichi ya RCD, ile inayokata yenyewe umeme ukianza kuvuja. Nyumba nyingi tunazopanga eathi ipo kwenye soketi na haipo ardhini. Kila waya wa tangi uachwe uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia ukutani.

Rangi inapauka, linageuka jeupe

Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi vijimwani vinavyolipikia chakula kwa mwanga. Tumbawe likielemewa linavifukuza, na rangi inaondoka navyo. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kawaida kwa sababu ya El Niño, miamba ya pwani yetu ilipauka kwa namna hiyohiyo na sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia ikafa. Tangi lako ni bahari ndogo, halihitaji El Niño.

Kwa wafugaji wa nyumbani, kinachoongoza ni taa. Mtu ananunua taa mpya ya LED, anaiwasha asilimia 100 siku ya kwanza. Ishushe hadi 20 au 30, kisha uongeze kidogo kila wiki kwa mwezi mmoja. Saa 8 au 9 kwa siku zinatosha. Uyoga wa bahari unapenda kivuli cha chini, na ukiuweka juu ya jiwe chini ya taa kali utapauka wakati zoa la jirani linang'aa.

Kinachofuata ni joto, ambalo umeshalipima. Na cha tatu kinawashangaza wengi: maji safi kupita kiasi. Naitreti sifuri, fosfeti sifuri, tumbawe linakuwa la kijivu kama kitambaa kilichofuliwa mno. Punguza vichujio vya kemikali na ulishe samaki zaidi. Tumbawe lililopauka bado li hai. Lipe mwanga hafifu na muda, miezi miwili au mitatu, na usilihesabie kaburi.

Kama badala ya kupauka linarefusha shingo, polipu zimekuwa ndefu na nyembamba kama mche uliooteshwa gizani, linatafuta mwanga. Lipandishe kidogo kila wiki. Hilo ndilo tatizo jepesi kuliko yote humu.

Mchanga na mawe yamevaa rangi

Vumbi la kahawia ndilo linaloanza, na kwetu lina asili yake. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Meru na Kilimanjaro yanabeba silika, na mwani wa kahawia hujenga maganda yake kwa silika. Tangi jipya likipata vumbi hili wiki chache za mwanzo ni kawaida, linapita. Likidumu zaidi ya miezi miwili, chanzo ni maji ya kujazia.

Basi tuyaangalie maji hayo. Ya bomba na ya kisima upande wa Meru, Usa River na Maji ya Chai yanajulikana kwa floraidi nyingi, tunaiona kwenye meno ya wazee wetu. Floraidi yenyewe bahari inayo kidogo, zaidi kidogo ya miligramu 1 kwa lita, lakini visima vyetu vingi vinapita hapo mara kadhaa, na kila unapojazia inabaki huku maji yakikauka. Maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa yameokoa meno ya watoto wengi na ni mazuri kwa kunywa. Kwa tangi yapime kwanza, kwa sababu mkaa ule ni kalsiamu fosfeti na unaweza kuachia fosfeti kidogo. Maji ya mvua ya bati la zinki yaache kabisa. Maji ya chupa ya chemchemi yana madini yake, hata kama ni matamu.

Suluhisho la kweli ni mtambo wa RO, unaosukuma maji yapite kwenye utando wa kuyasafisha, wenye chujio la mwisho la kuondoa madini, na kipima TDS, kinachosoma vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Maji yanayotoka yasome 0. Yakifika 5, badilisha chujio. Wasio na uwezo wa kununua mtambo waungane watatu au wanne, wanunue mmoja na kugawana madumu. Nimeona hili likifanya kazi vizuri Njiro, hapa Arusha, na urafiki uliotokana nao umeokoa vipande vingi kuliko mtambo wenyewe, kwa sababu tangi la mmoja likianguka wengine wana mbegu.

Nywele za kijani zinaonyesha fosfeti na naitreti nyingi: unalisha kuliko samaki wanavyokula. Ng'oa kwa mkono, badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, ongeza konokono. Shuka jekundu linaloteleza na kubanduka kipande kizima ni bakteria, si mwani. Hupenda kona zenye maji yaliyolala. Linyonye kwa mpira wa maji na uelekeze pampu pale.

La mwisho ni adimu lakini lichukulie kwa uzito: uteute wa kahawia kama kamasi, wenye mapovu, unaoonekana mchana na kupungua usiku, na konokono wanaanza kufa. Huu hutokea pale naitreti na fosfeti zilipofikishwa sifuri. Hapa usibadilishe maji kwa fujo, maana utazidi kuyafanya matupu. Pandisha chakula mpaka fosfeti isomeke, na uteute uunyonye kila jioni ukiwa na glavu.

Kamba wamekufa, kisha samaki wanahangaika

Kamba wadogo wakifa kabla ya kitu kingine, fikiria sumu. Inayoongoza ni dawa ya mbu ya kupuliza. Dawa zile zimetengenezwa kuua wadudu, na kamba ni jamaa wa karibu wa wadudu. Mtu alipuliza chumbani, pampu ya hewa ikavuta, asubuhi kamba wamekufa. Inayofuata ni shaba: dawa ya samaki yenye shaba, koki ya shaba nyeupe kwenye ndoo ya kuchanganyia, sarafu iliyodondoshwa na mtoto. Halafu mikono yenye mafuta ya kujipaka.

Badilisha robo ya maji mara moja, weka kaboni hai ya akwariamu, fungua madirisha. Kaboni hai si mkaa wa jikoni. Mkaa wa gunia una majivu yatakayokuongezea tatizo la pili.

Kaboni hiyohiyo iwekwe kidogo kila mwezi hata siku za amani. Tumbawe ngozi hutoa kemikali za kuwafukuza jirani, na kwenye tangi dogo kemikali hizo hazina pa kwenda. Zoa lililofunga upande mmoja tu, ule unaoelekea ngozi, linakueleza jambo hilo.

pH iko chini ya 7.8

pH ni kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umezidi. Chota glasi ya maji ya tangi, ipeleke nje, ipulizie hewa kwa saa moja, pima tena. pH ikipanda, hewa ya nyumba yako ina kaboni dayoksaidi nyingi. Msimu wa baridi tunafunga madirisha, tuko sita sebuleni, na jiko linawaka. Fungua dirisha saa chache mchana, au pitisha mrija wa pampu ya hewa uvute nje. Na kama ni jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, litoe usiku huu huu. Monoksaidi yake huua watu wakiwa usingizini, na hilo linatangulia tumbawe lolote.

pH isipopanda, pima alkaliniti. Ikiwa chini ya 7, mara nyingi kubadilisha maji mara mbili kunatosha. Ukitaka kuiongeza, gramu 6 za bikabonati ya soda, ile ya kuokea isiyochanganywa na kitu, huongeza takriban dKH 1 kwenye lita 200. Iyeyushe kwenye maji matamu, mimina taratibu karibu na pampu, usizidishe dKH 1 kwa siku. Maji yakigeuka maziwa, umemimina haraka.

Usitumie magadi. Yanauzwa kila soko hapa kwa ajili ya kulainishia maharage, na wapo walioniambia ni kitu kilekile. Magadi ya Ziwa Natron yana kabonati kali itakayorusha pH ghafla, na yana floraidi nyingi sana.

Umeme umekatika

Hapa hakuna kusubiri dalili. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yakishiba hewa pale Dar hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Hapa Arusha, kwa sababu hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, hubeba kama 5.7. Tunaanza na akiba ndogo, na samaki, matumbawe na bakteria wote wanaendelea kuvuta. Samaki wakianza kuhema juu ya maji, umeshachelewa kidogo.

Pampu ya hewa ya betri iwe kabatini, na betri zake ziwe mpya. Ukikosa, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Usilishe. Usiku wa baridi funika tangi kwa blanketi pembeni tu, juu pabaki wazi. Betri na inveta uzielekeze kwenye pampu ya mkondo kwanza. Taa inaweza kukaa siku mbili bila kuwaka na tumbawe lisidhurike. Umeme ukirudi, hasa unaporudi na kuyumba, chomeka vifaa kupitia stebilaiza, kimoja kimoja.

Linayeyuka na kunuka

Zenia inaweza kuyeyuka usiku mmoja bila sababu utakayoijua. Inyonye yote kabla haijaoza, pima amonia, badilisha maji asilimia 20. Kwa mengine, kata sehemu iliyooza kwa wembe mkali nje ya tangi, acha nyama nzima, ioshe kwenye maji ya tangi ndani ya bakuli, bakuli hilo limwagwe chooni. Amonia ikipita 0.25, hamishia yaliyo mazima kwenye ndoo ya maji mapya yenye joto na hewa.

Na hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Baadhi ya zoa, na hasa jamaa zake Palythoa, zina palaitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Usikate bila glavu na miwani ya kufunika macho. Usikate ukiwa na kidonda mkononi. Usisugue jiwe lenye zoa likiwa kavu, usilimwagie maji ya moto, na kamwe usilichemshe ili kulisafisha: mvuke wake umewapeleka hospitalini familia nzima, pamoja na wasiogusa kitu. Watoto na mbwa wasiwe chumbani. Wembe na glavu zisirudi jikoni.

Dalili ni ladha ya chuma mdomoni, ganzi midomoni au vidoleni, misuli kuuma, homa, kukohoa, kifua kubana, macho kuwaka. Zikianza, toka nje na uwatoe wote, fungua milango, osha ngozi na macho kwa maji mengi, mwende hospitali hata kama mnahisi mnapata nafuu, kwa kuwa zinaweza kuzidi baada ya saa kadhaa. Dawa ya kuipoza sumu hii haipo, daktari anatibu dalili, kwa hiyo mapema ni muhimu. Huenda daktari wa zamu hajawahi kukutana nayo. Mwambie jina, palaitoksini, mwonyeshe picha ya tumbawe kwenye simu yako, na umweleze ulichokuwa unafanya na saa uliyoanza.